Mita 38 za mteremko zinaleta lita ngapi za maji?

Swali, kwa kifupi: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya kata wilayani Buhigwe, Kigoma. Kijiji na shule tunataka kuvuta maji ya mserereko kutoka chemchemi iliyo kilimani. Mtaro utakuwa na urefu wa mita 1,500. Kwa kipimo cha simu, shule iko mita 38 chini ya chemchemi. Njiani bomba litashuka bondeni, mita 600 kutoka chanzo, mahali palipo mita 70 chini ya chemchemi. Kisha litapanda kigongo kilicho umbali wa mita 1,100, ambacho kiko mita 20 tu chini ya chemchemi, ndipo lishuke shuleni. Mwezi Aprili dumu la lita 20 lilijaa kwa sekunde 11. Wazee wanasema mwisho wa kiangazi maji hubaki nusu. Watumiaji ni kama 2,000. Nikipiga hesabu ya v = √(2gh) kwa bomba la inchi moja na nusu napata lita 41 kwa sekunde, na fundi wetu kanicheka. Yeye anasema tuanze na bomba nene tumalizie na jembamba "ili presha iongezeke". Tununue bomba gani?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nianze na hizo lita 41, maana mkanganyiko wote unatokea hapo.

Hesabu yako haina kosa la kuzidisha wala kugawanya, ila imejibu swali jingine. Kanuni ya v = √(2gh) ni ya Torricelli, Mwitaliano wa karne ya 17, na inahusu maji yanayochomoka kwenye tundu la chombo. Pale maji hayasafiri popote, kwa hiyo kimo chote kinageuka mwendo. Kwako maji yatasafiri kilomita moja na nusu yakisugua ukuta wa bomba, na msuguano huo ndio utakaokula karibu kimo chote. Angalia ukubwa wa tofauti hiyo: katika mpango nitakaokupa hapa chini, maji yatakwenda mita 0.93 kwa sekunde penye bomba jembamba. Weka mwendo huo katika v²/2g, utapata mita 0.044. Kati ya mita zako 38, mwendo wenyewe unachukua sentimita 4 na ushee. Zote zinazobaki ni mali ya msuguano, na ukipenda, za akiba utakayoiacha mwishoni.

Kwa hiyo zichukue mita 38 kama fedha taslimu ulizopewa pale kwenye chemchemi. Huwezi kuziongeza njiani kwa ujanja wowote wa kubana au kupanua bomba. Unachoamua wewe ni wapi zitumike nyingi na wapi zitumike kidogo. Swali la bomba gani ununue ni swali la matumizi hayo.

Sasa kanuni yenyewe. Kwa maji safi ya baridi ndani ya bomba lililojaa, sisi wa miradi ya vijijini hutumia zaidi ile ya Hazen na Williams, Wamarekani wa mwanzoni mwa karne ya 20:

Q = 0.2785 × C × D^2.63 × S^0.54

Q ni mita za ujazo kwa sekunde, D ni kipenyo cha ndani kwa mita, na S ni mita za kimo zinazoliwa na msuguano kwa kila mita ya bomba. C ni namba ya ulaini wa ukuta. Kwa bomba la poli jeusi vitabu vingi vitakupa 150. Mimi natumia 140, kwa sababu bomba la kijijini lina viungio vingi na baada ya muda halibaki safi kama lilivyotoka dukani. Bomba la chuma lililozeeka linaweza kushuka chini ya 100.

Neno moja kuhusu kipenyo, maana hapa wengi hujikwaa. Namba iliyoandikwa kwenye poli ni kipenyo cha nje. Linaloitwa inchi moja na nusu dukani ni milimita 50 kwa nje, na kwa poli ya aina ya PE100, daraja la presha la PN10, ndani linabaki na milimita 44. Inchi moja na robo ni 40 kwa nje, 35.2 kwa ndani. Inchi moja ni 32 na 28. Inchi mbili ni 63 na 55.4. Katika kanuni ingiza kipenyo cha ndani tu. Ukiweka 50 badala ya 44 utajipa maji ya bure kwa asilimia 40 ambayo hayatafika kamwe.

Tujaribu. Tuseme katika mita 38 tunaacha 8 za akiba, msuguano upewe 30. S ni 30 ÷ 1,500, yaani 0.02. Ukipitisha kwenye kikokotoo, bomba la inchi moja linapitisha lita 0.39 kwa sekunde, inchi na robo lita 0.71, inchi na nusu lita 1.28, inchi mbili lita 2.34. Linganisha ya kwanza na ya mwisho: kipenyo kimekaribia kuwa mara mbili, maji yameongezeka mara sita. Ndiyo maana kulaza mabomba mawili membamba sambamba badala ya moja nene ni kuchoma pesa, hata kama roli zake zinaonekana bei poa.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa fizikia, unaweza kuhakiki kwa kanuni ya Darcy na Weisbach, ambayo ina mashiko zaidi kinadharia. (Darcy ndiye aliyeuletea mji wake wa Dijon, Ufaransa, maji ya chemchemi kwa mserereko mwaka 1840, kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 12, alikuwa mtu wa mitaro kama sisi.) Kwa lita 0.9 kwa sekunde ndani ya milimita 44, Hazen na Williams wanasema msuguano unakula mita 10.5 kwa kila kilomita. Darcy na Weisbach, kwa bomba laini na maji ya nyuzi 20, wanatoa kama 10.1. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko makosa ya kipimo cha simu yako, na nitarudi kwenye simu hiyo.

Maji mnayohitaji ni kiasi gani? Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku. Watu 2,000 ni lita 50,000 kwa siku. Bomba la mserereko halilali, linafanya kazi saa 24 na kujaza tenki la shuleni usiku, kwa hiyo wastani ni lita 0.58 tu kwa sekunde. Tenki la mita za ujazo 25, nusu ya matumizi ya siku, litawatosha kuanzia. Ukichukua ongezeko la watu la asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 20 mtakuwa kama 3,600 na mtahitaji lita 1.05 kwa sekunde.

Upande wa chanzo, dumu lako la Aprili linatoa lita 1.8 kwa sekunde. Furahini, lakini msilitumie. Aprili Kigoma bado ni masika, na mradi hauhukumiwi masika. Rudini mwishoni mwa Septemba kabla mvua hazijaanza, mkinge tena zaidi ya mara moja na kuchukua wastani. Halafu angalieni dumu lenyewe. Yale madumu ya njano ya mawese yanayoitwa ya lita 20 mara nyingi hubeba zaidi kidogo yakijaa hadi mdomoni, kwa hiyo lipimeni kwanza kwa chupa za lita moja na kuweka alama ya kalamu. Kwa sasa nakubali neno la wazee: nusu ya 1.8 ni 0.9. Hizo ni kama lita 77,800 kwa siku, zinatosha watu 3,100 kwa kiwango cha lita 25. Kwa ongezeko lile la asilimia 3, chemchemi itawawia ndogo baada ya kama miaka 15, wakati bomba bado zima kabisa. Hilo mlijue leo kijiji kizima, kabla ya kuanza kuahidi kila kitongoji kilula (kituo cha kuchotea maji) chake.

Basi inchi na robo ingetosha kwa leo, na inchi na nusu kwa miaka ijayo. Mtu wa haraka angeishia hapa na kukuandikia inchi na nusu toka juu hadi chini. Mimi naogopa kile kigongo.

Chukulia umetoboa bomba kila baada ya mita 100 na kusimamisha mrija mrefu unaoonyesha ndani. Maji yakiwa yametulia, yatapanda katika kila mrija hadi usawa wa chemchemi. Yakianza kutembea, kila mrija utashuka kwa kadiri ya msuguano ulioliwa hadi hapo. Unganisha vichwa vya maji katika mirija hiyo, unapata mstari wa presha. Mahali popote bomba lilipo chini ya mstari huo, maji yana msukumo. Mahali popote bomba linapopanda juu yake, ndani mna mvuto badala ya msukumo. Hapo hewa iliyoyeyuka kwenye maji inajitenga na kujikusanya, viungio vyenye ufa vinavuta hewa na hata maji machafu ya udongoni, na mtiririko unadhoofika, pengine kukatika kabisa. Watu husema "maji yamekataa kupanda". Wanakwenda kulaumu chanzo, na chanzo kinamwagika kama kawaida.

Kigongo chako kiko mita 20 chini ya chemchemi. Ukilaza bomba la unene mmoja, lolote lile, likala mita 30 kwa urefu wote, litakuwa limekula mita 22 kufikia mita ya 1,100. Tayari mstari uko mita 2 chini ya bomba. Na kama mtu atafungua valvu ya tenkini hadi mwisho ili maji "yaje kwa nguvu", mita 38 zote zitaliwa, na pale kigongoni zitakuwa zimekwenda karibu 28. Mvuto wa mita 8 hapo juu, na huku chini kila mtu anashangaa.

Sasa tumwangalie fundi wenu aliyekucheka. Tuseme mnavuta lita 0.9. Katika inchi na nusu msuguano ni mita 10.5 kwa kilomita, katika inchi na robo ni mita 31. Mkichanganya mita 800 za nene na mita 700 za jembamba, jumla ni mita 30 hivi, upange vyovyote utakavyo. Lakini kigongoni mpangilio ndio kila kitu. Jembamba likitangulia, hadi kigongoni zimeliwa mita 26, na mnakaa kwenye mvuto wa mita 6. Nene likitangulia, zimeliwa chini ya 18, na mnabaki na msukumo wa mita 2 na kitu. Bomba ni zilezile, fedha ni ileile, ila mradi mmoja unafanya kazi na mwingine haufanyi.

Kwa hiyo fundi ana haki kwenye mpangilio, ila sababu yake ndiyo yenye kasoro. Kubana bomba mwishoni hakuzalishi presha. Ukiziba nusu ya mdomo wa mpira wa bustani kwa kidole, maji yanaruka mbali kwa sababu umepunguza kiasi kinachopita, msuguano huko nyuma ukapungua, na kimo kilichookolewa kikatokea hapo kidoleni. Ndoo yako haijai haraka zaidi. Jaribu na wanafunzi, ni somo zuri la nusu kipindi. Mwambie fundi hivyo kwa heshima, na umwambie pia kwamba mpangilio wake ndio tutakaoufuata.

Ninavyoshauri mimi ni kuipeleka inchi na nusu hadi kuvuka kigongo, yaani mita 1,100, kisha mita 400 zilizobaki ziwe inchi na robo. Kwa lita 0.9, sehemu ya kwanza inakula mita 11.5 na ya pili 12.4, jumla 24. Kigongoni mnabaki na msukumo wa mita 8.5, na tenkini kunabaki mita 14. Hizo 14 zitabanwa na valvu pale tenkini. Mnaongeza mita 300 za bomba nene kuliko ule mchanganyo wa kwanza, na gharama hiyo naitetea mbele ya kamati yoyote. Sababu ni hii: hata mtu akifungua valvu yote, bomba jembamba la mwisho lenyewe linakuwa breki. Mtiririko utaishia lita 1.15 kwa sekunde, kigongoni zitakuwa zimeliwa mita 18, na bado mna msukumo wa karibu mita 2. Kwa inchi na nusu tupu usalama wa kigongo ungetegemea mkono wa mtu kwenye valvu. Na hiyo 1.15 inazidi ile 1.05 ya miaka 20 ijayo, kama mkipata chanzo cha nyongeza.

Makona na viungio nimeviacha makusudi. Kwa mwendo huu kona moja inakula kama sentimita 4, na katika bomba refu hivi hazibadilishi uamuzi.

Bondeni shida ni kinyume chake. Usiku tenki likijaa na flotivalvu (valvu ya boya) ikafunga, maji yanasimama, msuguano unakuwa sifuri, na bomba la bondeni linabeba mita 70 kamili, karibu baa 7. Usikubali PN6 hata ukipewa kwa punguzo. PN10 inabeba baa 10 na inatosha. Soma maandishi kwenye bomba lenyewe, si kwenye risiti. Hapo bondeni weka pia tawi lenye valvu ya kutolea tope, na kigongoni weka valvu ya kutoa hewa. Angalizo: valvu ya hewa ikiwekwa kwenye kigongo chenye mvuto itaingiza hewa badala ya kuitoa, kwa hiyo haiwezi kuokoa mpangilio mbaya wa mabomba. Siku ya kwanza ya kujaza, fungueni maji kidogo kidogo.

Sasa simu. Kimo cha simu kinaweza kukosea mita 10 na zaidi, na kinabadilika ukisimama palepale. Mita 38 za shuleni zikiwa 35, mradi unaishi. Kigongo kikiwa mita 14 chini ya chemchemi badala ya 20, lita 0.9 zitapita na msukumo wa mita 2.5 tu, na valvu ikiachwa wazi mtaingia kwenye mvuto. Kwa hiyo kabla ya kununua hata mita moja, ombeni ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, iwapimie kwa dampi leveli (darubini ya kupimia vimo) mstari wote, hasa chanzo, bonde na kigongo. Wakichelewa, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita 20, uliojazwa maji bila mapovu, pamoja na rula mbili, vitawapa vimo vizuri kuliko simu yoyote. Ni kazi ya kuchosha kwenye migomba na mibuni ya watu, ila wanafunzi wa kidato cha tatu wataipenda. Mkiwa na vipimo vipya, kigongo kikionekana kirefu mno, tafuteni kwanza kama mtaro unaweza kukizunguka. Mita 80 za bomba la ziada ni nafuu kuliko kupambana na hewa kila mwaka.

Kibali cha kutumia maji kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi zao ziko Kigoma mjini. Anzeni mapema.

Siku bomba litakapolazwa, na kabla ya kufukia viungio, fungeni valvu ya tenkini na wekeni geji. Kwa mita 38 lazima isome kama baa 3.7. Ikisoma pungufu na inaendelea kushuka, kuna kiungio kinavuja. Ikisoma pungufu na imetulia, kwanza hakikisheni kisanduku cha chanzo, kile cha kukingia maji pale kwenye chemchemi, kimejaa. Kama kimejaa, basi ni vimo vyenu vilivyokosea. Kisha fungueni valvu polepole huku mtu mwingine akiwa juu kwenye kisanduku, mkizungumza kwa simu. Maji ya ziada yakiendelea kuchuruzika kwenye bomba lake la kumwagia, mnavuta chini ya uwezo wa chemchemi. Yakikoma na mdomo wa bomba ukaanza kukoroma, mmezidisha na mnakunywa hewa; rudisheni valvu nyuma hadi mchirizi uonekane tena. Hesabuni mizunguko kutoka kufungwa, iandikeni ukutani kwa rangi, kisha mng'oe mpini na kumkabidhi mtu mmoja wa chombo cha watumia maji. Mtairudia kazi hiyo kila Septemba.